Bei ya Kumfikia Mtoto Mmoja wa Garsen

Kaunti ya Tana River ina ukubwa wa karibu kilomita 38,000 za mraba. Rwanda nzima, pamoja na watu wake zaidi ya milioni 13, haifiki kilomita 27,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 Tana River, yaani watu 8 kwa kila kilomita ya mraba. Jirani yake Kilifi ilikuwa na watu 116 katika eneo la ukubwa huo huo, na Mombasa zaidi ya 5,000. Hesabu zote zinazofuata hapa zinaanzia kwenye ile 8. Ndiyo inayoamua gharama ya mfanyakazi wa shirika lisilo la serikali anayehudumia shule za Garsen, ndani ya kaunti hiyo, na ndiyo inayomfanya aonekane ghali mbele ya watu wanaosoma bajeti wakiwa Nairobi au London.

Nami nadhani anaonewa.

Mfanyakazi huyo si mwalimu, na hayumo kwenye orodha ya mishahara ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Kazi yake ni kuzunguka shuleni. Anaketi nyuma ya darasa mwalimu akifundisha, kisha wanazungumza wawili chini ya mti. Anaendesha vikao vya wasichana, anawaeleza wa Gredi ya 9 kuhusu mikondo ya masomo inayowasubiri, anamfuata nyumbani mtoto aliyeacha kuonekana, na jioni anajaza ripoti. Tana River imewahi kuwa na watu wa namna hiyo kwa miaka kadhaa. Mpango wa Wasichana Wetu Wafaulu, ulioendeshwa na Education Development Trust kwa fedha za serikali ya Uingereza kuanzia 2017 hadi 2023, ulikuwa na wakufunzi wa kuwasaidia walimu darasani, na uliwatumia wahudumu wa afya wa kujitolea kutembelea familia za wasichana. Tana River ilikuwa mojawapo ya kaunti zake. Shirika la Kenya la Zizi Afrique nalo lilileta huku, pamoja na Bungoma na Turkana, masomo ya kuwainua watoto waliofika madarasa ya juu bila kujua kusoma.

Ukiiona kazi hii kwa karibu utajua kwa nini haifanyiki kwa simu. Mtoto anaitwa pembeni, mmoja mmoja, anapewa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi. Anasoma mpaka anapokwama. Pale alipokwama ndipo kundi lake lilipo, awe wa Gredi ya 3 au ya 5. Wa herufi wanakaa na wa herufi, wa maneno na wa maneno, na mtoto mrefu wa miaka 12 anaweza kujikuta mkekani na wa miaka 8. Aibu hiyo inahitaji mtu mzima mwenye upole aliyekaa hapo hapo, anayejua jina la mtoto na jina la mama yake. Njia hii ilianzia India kwa shirika la Pratham, na imefanya kazi kwa sababu moja ya wazi: inaanzia pale mtoto alipo, hata kama silabasi imeshakwenda mbele.

Sasa tumweke mtu huyu kwenye vitabu vya hesabu. Tuchukue mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi, ambao si mkubwa kwa mtu mwenye digrii anayekubali kuishi Garsen, Tarasaa au Minjila. Kwa viwango vya 2025, mwajiri anaongeza 3,600 za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 900 za ada ya nyumba za bei nafuu na 50 za mafunzo ya viwandani. Shirika linatoa 64,550 kwa mwezi, au 774,600 kwa mwaka, kabla hajapewa hata kalamu. Upande wake yeye, makato ya NSSF ni 3,600, bima ya afya ya SHIF ni 1,650 na nyumba 900. Ukitoza kodi ya mapato juu ya kinachobaki na kumpa nafuu yake ya 2,400, kodi inakuwa takriban 8,540. Anapokea mkononi kama 45,300. Kwa hiyo, katika kila shilingi 100 ambazo mfadhili anadhani zimekwenda kwa mfanyakazi, mwenyewe anazigusa 70. Nyingine zimerudi serikalini au kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, na hilo si baya, ila halipaswi kuitwa anasa ya shirika.

Mwalimu anayempokea huenda akawa analipwa pungufu sana. TSC huwapa walimu wanagenzi wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Pengo hilo linasikika shuleni hata kama hakuna anayelitaja. Afisa mwenye busara hufika mapema, hubeba sehemu ya mzigo wa darasa, na hamtumi mwalimu fomu ambazo angeweza kuzijaza mwenyewe.

Tuje kwenye barabara. Mpe afisa mmoja shule 20, na kila shule aizuru mara mbili kwa muhula. Hizo ni ziara 120 kwa mwaka. Mwaka wa shule wa 2025 ulikuwa na wiki 36, kwa hiyo anahitaji kufika shule tatu na zaidi kila wiki, bila kuhesabu mikutano, mafunzo na siku za ripoti. Tukikadiria kilomita 60 kwenda na kurudi kwa wastani, anasafiri kilomita 7,200 kwa mwaka. Pikipiki inayokwenda kilomita 35 kwa lita itameza lita 206. Kwa petroli ya karibu shilingi 180, kama ilivyokuwa 2025, hiyo ni 37,000. Landi Kruza inayokwenda kilomita 7 kwa lita itakula 185,000 kwa safari zile zile, na hapo hujalipa dereva. Tofauti ya 148,000 inatosha kumwongeza afisa miezi miwili na siku kadhaa za mshahara. Sina ugomvi na magari makubwa wakati wa mafuriko au pale usalama unapodai, lakini katika siku za kiangazi ni vigumu kulitetea gari linalombeba mtu mmoja na boksi la vitabu.

Weka tena 100,000 za matengenezo, bima ya pikipiki, muda wa maongezi, mashua na karatasi. Afisa wetu sasa anagharimu 911,600 kwa mwaka.

Hapa ndipo ile 8 ya mwanzo inapouma. Kama kila shule ina wanafunzi 40 wa sekondari msingi walio kwenye mpango, afisa anahudumia 800, na gharama ni shilingi 1,140 kwa kila mmoja. Mpeleke afisa huyo huyo, kwa mshahara huo huo, kwenye shule 20 za mjini zenye wanafunzi 120 kila moja: anahudumia 2,400, na gharama inashuka hadi 380. Mpeleke kwenye vijiji vya wafugaji vya Garsen Magharibi ambako shule ina 15 tu: ni 300, na gharama inapanda hadi 3,039. Amefanya kazi ile ile katika sehemu zote tatu. Pengine kijijini amefanya zaidi, kwa sababu amelala njiani. Lakini kwenye jedwali la mfadhili wa mjini anaonekana hodari mara nane kuliko wa kijijini, na fedha za mwaka ujao zinafuata jedwali. Hivyo ndivyo maeneo yenye watoto wachache na shida nyingi yanavyoachwa bila mtu yeyote kukusudia kuyaacha.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba gharama kwa mtoto isilinganishwe kati ya Tana River na Mombasa. Ilinganishwe kati ya Tana River na Tana River: mpango huu dhidi ya mpango mwingine katika mazingira yale yale, au dhidi ya kile ambacho serikali tayari inatoa. Serikali imeweka mgao wa 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi. Afisa wa 1,140 ni chini ya asilimia 8 ya mgao huo. Hata yule wa 3,039 ni asilimia 20. Swali la haki ni kama hiyo asilimia 8 inaifanya ile 15,042 izae matunda. Mtoto asiyejua kusoma hapati faida ya kitabu alichonunuliwa.

Na mgao wenyewe haufiki kamili. Kwa shule za sekondari kiwango kilichotangazwa 2018 ni 22,244 kwa mwanafunzi. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali inaweza kumudu karibu 16,900. Pengo ni 5,344. Shule ya wanafunzi 180 inakosa 961,920 kwa mwaka, zaidi ya gharama yote ya afisa wetu. Kwa hiyo mwalimu mkuu anapomwona mgeni wa shirika langoni, jambo la kwanza analotaka kujua ni kama amekuja na chakula, karo au madawati. Habari za mikondo ya masomo zinafuata baadaye sana. Hali hiyo inaeleweka. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, zaidi ya watu 6 kwa kila 10 wa kaunti hii walikuwa chini ya mstari wa umaskini.

Kuna gharama nyingine ambayo bajeti nyingi huiweka chini ya dharura ilhali inarudi kila baada ya miaka michache: maji. Mto Tana una urefu wa karibu kilomita 1,000, ukianzia Aberdare na Mlima Kenya na kupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa yakijaa na kufurika, delta inazama hata kama Garsen haijapata tone la mvua. Ilikuwa hivyo 2018, ikarudi mwishoni mwa 2023, na ikarudi tena 2024, mwaka ambao muhula wa pili ulisogezwa nchi nzima kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Wiki mbili kwa afisa wetu ni ziara 7 zilizopotea. Kwenye delta hasara ilikuwa kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa shule kufunguliwa rasmi na njia kufunguka ni mambo mawili. Vijiji kama Ozi hufikiwa kwa mashua hata mwaka wa kawaida. Karatasi za tathmini zinafungwa kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, viatu vinavuliwa, pikipiki inaachwa kwa mtu anayeaminika ng'ambo ya kwanza, na nauli ya mashua haina risiti ya kumridhisha mkaguzi wa hesabu. Shirika linalojua Tana River huweka fungu la mashua kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na fomu fupi ambayo nahodha anatia dole gumba. Lisilojua humwacha mfanyakazi alipe kutoka mfukoni, kisha miezi sita baadaye humuuliza kwa nini ziara zimepungua.

Jambo la kuajiri nalipa nafasi zaidi, kwa maana ni hapa ndipo fedha kidogo hununua kitu kikubwa. Eneo bunge la Garsen lina wadi sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen ya Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Ndani yake wanaishi Wapokomo wakulima kando ya mto, Waorma na Wawardei wafugaji, Wagiriama, Wabajuni wa Kipini na wengine. Mnamo Agosti 2012, katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu 52 wakauawa kwa siku moja. Hadi mapigano yale yanatulia mwaka uliofuata, waliokufa walizidi 100, na vijiji kama Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao vikaingia kwenye habari za dunia kwa sababu ambayo hakuna mzazi angeitaka. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule ndio waliokaa kwenye madawati ya Gredi ya 7, 8 na 9 miaka hii.

Shirika likiajiri watu wa upande mmoja tu, hata wakiwa hodari, nusu ya milango haitafunguka. Mama wa Kiorma anayeulizwa kwa nini binti yake wa miaka 15 ameacha shule hatamjibu kijana mgeni asiyejua lugha yake. Atasema msichana yuko kwa shangazi, na mazungumzo yataishia hapo. Akija mwanamke wa kijiji hicho hicho, anayemwita dada, wataketi, chai itachemshwa, na ukweli utatoka taratibu. Je, mwanamke huyo anagharimu kiasi gani? Wahudumu wa afya ya jamii wanalipwa posho ya 5,000 kwa mwezi tangu 2023, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tuchukue kiwango hicho kwa wasaidizi 10 wa jamii, wanawake na wanaume, wa kila kabila: ni 600,000 kwa mwaka. Ongeza kwenye gharama ya afisa na jumla ni 1,511,600, au 1,890 kwa kila mmoja wa wale 800.

Jedwali litasema gharama imepanda kwa theluthi mbili. Mimi nasema hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye ukurasa huu. Wasaidizi hao hawahami mradi ukiisha. Mto ukijaa wao wako ng'ambo tayari, na simu moja inamwambia afisa ni watoto wangapi wamehamia kambini na ni yupi ameozwa. Kitu kimoja tu nakiogopa: kwa kuwa ni wa bei nafuu, mashirika huwarundikia kazi ya afisa kwa posho ya 5,000. Kumtembelea jirani mara mbili kwa wiki ni kazi ya posho. Kumtuma azunguke kata nzima na kujaza kurasa 12 za takwimu ni ajira, na ajira ina mshahara wake.

Wafadhili huuliza pia kuhusu gharama za uendeshaji. Kwa miaka mingi serikali ya Marekani iliyaruhusu mashirika yasiyo na kiwango kilichokubaliwa kutoza asilimia 10 tu juu ya gharama za moja kwa moja. Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Kwa mradi wa shilingi milioni 10, asilimia 10 ni milioni moja. Mhasibu wa mshahara wa 60,000 anachukua 774,600 kati yake, na zinabaki 225,400 za kodi ya ofisi, umeme, intaneti na mkaguzi wa hesabu kwa mwaka mzima. Kwa asilimia 15 zinabaki 725,400, na ofisi inaweza kupumua. Nafuu hiyo ilidumu miezi michache. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Februari mwaka huo huo Uingereza ilitangaza kupunguza misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Kwa mashirika yanayofanya kazi Tana River hizo si habari za mbali. Ni mikataba isiyorefushwa, pikipiki zilizorudishwa na maafisa waliohamia Malindi kutafuta kazi nyingine.

Fedha zipo katika mafungu mengine, ila zinamsubiri kijana akiwa ameshachelewa. Mpango wa serikali wa NYOTA, ulivyotangazwa 2025, uliahidi vijana 70 kwa kila wadi mtaji wa 50,000 kila mmoja. Kwa wadi sita za Garsen ni vijana 420 na shilingi milioni 21. Ni mpango mzuri, na umri wake unaanzia miaka 18. Milioni 21 zingemlipa afisa wetu mmoja kwa miaka 23, au maafisa wanne kwa zaidi ya miaka mitano, wakiwahudumia wenye miaka 13 hadi 15 kabla hawajapotea. Sisemi moja iondolewe kwa ajili ya nyingine. Nasema ukubwa wa tofauti hiyo ujulikane wakati bajeti zinapoandikwa.

Umri huo wa miaka 13 hadi 15 umekuwa na uzito mpya tangu mtaala wa umilisi ufike sekondari pevu Januari 2026. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Kila mwanafunzi wa kundi la kwanza aliorodhesha shule 12. Fikiria mtoto wa Chara au Assa akitazama orodha hiyo. Huenda hajawahi kuona maabara, kwa maana sekondari msingi zimewekwa ndani ya shule za msingi ambazo hazikujengewa maabara. Mtu wa kumweleza kwamba daktari wa mifugo anayekuja kwenye mnada wa ng'ombe Garsen alipitia mkondo wa sayansi, au kwamba msimamizi wa maji ya mashamba ya mpunga alihitaji hisabati, ni huyu afisa wa pikipiki. Na ni rahisi zaidi kumleta muuguzi wa Ngao shuleni kwa saa mbili kuliko kukodi basi la kuwapeleka watoto 60 hadi chuo kikuu Kilifi, kilomita 170 hivi kwa njia moja.

Alama za mwisho za Gredi ya 9 zinakokotolewa hivi: asilimia 20 inatoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kwenye kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 kwenye mtihani wenyewe. Mradi wa miezi 12 unaoanza mtoto akiwa Gredi ya 9 unakuta asilimia 40 imeshafungwa. Afisa anatumia miezi mitatu kujulikana kijijini, muhula mmoja unaingiliwa na mvua, na ripoti ya mwisho inadaiwa watoto wakiwa kwenye chumba cha mtihani. Wafadhili wanaotaka kuisaidia Garsen waandike mkataba wa miaka mitatu, Gredi ya 7 hadi ya 9, kwa watoto wale wale na afisa yule yule. Bila wasaidizi wa jamii ni shilingi 2,734,800, yaani 3,419 kwa mtoto kwa miaka yote mitatu. Pamoja na wasaidizi ni 4,534,800, au 5,669 kwa mtoto. Karo ya bweni ya mwaka mmoja katika sekondari pevu ni 53,554 kwa shule zilizokuwa za kitaifa, na 40,535 kwa zinazofuata. Mzazi wa Garsen atauza ng'ombe au maembe ya msimu mzima ili ailipe, na afisa anapaswa kuwa ameketi naye mara kadhaa kabla ya siku hiyo, orodha ya shule 12 ikiwa mkekani kati yao.